Nilimfunga mdogo wangu tisa bila, na sasa hataki tena kushika pedi ya gemu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 24, ninaishi Pasua hapa Moshi na ninafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi. Jambo ninalokuandikia wengine wataliona dogo kwa sababu linahusu gemu, lakini limenikosanisha na watu ninaowapenda na nimeshindwa kulimaliza peke yangu.

Nimecheza gemu ya mpira tangu nikiwa darasa la nne, enzi za PlayStation 2 iliyokuwa ikizunguka nyumba kwa nyumba, na mpaka leo mtaani tunaiita FIFA ingawa tangu mwaka 2023 inatoka kwa jina la EA Sports FC. Kwa miaka mingi tulicheza watu watano: mimi, mdogo wangu ambaye sasa yupo kidato cha pili katika shule ya bweni, binamu zetu wawili na rafiki mmoja wa jirani. Aliyefungwa alitoka, mwingine akaingia, na kesho yake hakuna aliyekumbuka matokeo.

Miaka miwili iliyopita nilianza kucheza mtandaoni, kwenye divisheni, yaani madaraja ya kupanda na kushuka kulingana na matokeo, nikagundua kwamba nina uwezo. Nikawa nafanya mazoezi kila nikitoka kazini: kubadilisha beki mwenyewe bila kuiachia mashine, kupiga faulo, kusoma mpinzani anashambulia kupitia upande gani. Mwaka jana niliingia mashindano katika banda moja la gemu, watu 16, kiingilio shilingi 5,000 kila mmoja, nikatwaa ubingwa na shilingi 50,000. Siku ile nilitembea kwa miguu kutoka mjini hadi nyumbani kwa furaha, ingawa nauli nilikuwa nayo.

Tangu hapo siwezi tena kucheza hivi hivi tu. Mdogo wangu huchagua Norwich City kwa sababu jezi yao ya njano na kijani inamkumbusha Yanga. Hutoka na kipa hadi katikati ya uwanja, hujaribu kumpiga mtu tobo, mpira upite katikati ya miguu yake, ndani ya boksi lake mwenyewe, na akifungwa anacheka. Mimi nikawa naona kama ananidharau. Likizo ya Juni nilimfunga tisa bila, na baada ya kila bao nilimweleza kosa alilofanya. Hakukasirika. Alichomeka pedi kwenye chaji, akaniambia, "Kaka, siku hizi kucheza na wewe ni kama kufanya mtihani," kisha akaenda kulala, na ilikuwa saa mbili usiku. Hakuigusa tena hadi aliporudi shule.

Yule rafiki wa jirani nilimwita mzigo mbele ya watu tulipokuwa tukicheza wawili kwa wawili, na hajafika kwetu tangu siku ile. Binamu mmoja naye alichomoa waya wa umeme nilipokuwa nikiongoza mabao manne, akasema nimegeuza burudani kuwa vita. Hata huko mtandaoni sina raha kama zamani: nikipanda divisheni nafurahi usiku mmoja, nikishuka nakosa usingizi siku mbili.

Bado siamini kwamba kutaka kushinda ni kosa. Kama huchezi ili ushinde, unacheza ili iweje? Desemba mdogo wangu atarudi, na ukoo wote utapanda Kibosho kwa ajili ya Krismasi. Je, niache mashindano, au nikubali kwamba wale si watu wa kucheza na mimi tena?

Mpwa wako, Moshi

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale mdogo wako anapochomeka pedi kwenye chaji. Mtoto wa kidato cha pili aliyefungwa tisa bila na kusomewa makosa tisa angeweza kuitupa. Yeye aliitunza, kwa sababu anajua ni kitu chako unachokipenda. Nakuomba uanzie hapo kumtazama upya, kabla hatujafika kwenye swali la mashindano.

Kutaka kushinda si kosa, na sitakuambia uache. Ulifanya mazoezi baada ya kazi, ukajifunza mambo ambayo wengi hawana subira nayo, ukawashinda wenzako kwa haki, na furaha iliyokufanya utembee kwa miguu hadi Pasua ulikuwa umeitolea jasho. Wapo wazazi watakaosoma safu hii na kusema kwamba mtu mzima wa miaka 24 hana shughuli na gemu. Mimi nimewaona watu wazima wenye wajukuu wakikaa chini ya mti kutwa nzima ya Jumapili kwa ajili ya drafti ya vizibo vya soda, na hakuna aliyewaambia wamekosa kazi.

Hata hivyo, swali lako la "unacheza ili iweje" linajibika, na jibu lake umeliandika mwenyewe bila kulitambua. Mdogo wako hutoka na kipa hadi katikati ya uwanja. Hujaribu kupiga tobo mahali ambapo beki yeyote mwenye akili angebutua mpira nje. Hiyo si dharau, na wala si uvivu, kwa maana tobo ndani ya boksi lako mwenyewe ni jambo gumu kuliko pasi ya kawaida. Yeye anatafuta kitu kingine katika dakika zile zile: tukio moja la kusimulia bwenini. Akilipata huku amefungwa tano, kwa hesabu yake ameshinda. Usiku ule palikuwa na michezo miwili ndani ya runinga moja, na wewe ukaupigia hesabu mmoja tu, kisha ukamsahihishia mwenzako mtihani ambao hakuwa ameuomba.

Nikueleze habari za marehemu baba yangu, kwa sababu ndiye aliyenifundisha haya kabla sijajua kwamba kuna kitu kinaitwa gemu. Alikuwa mchezaji hodari wa drafti huko Majengo. Jumapili mchana alicheza na wenzake wa sokoni, na pale hapakuwa na mzaha: kete ikishaguswa imechezwa, hakuna kurudisha, na mtu akizubaa akaacha kula, kete yake inaondolewa huku wote wakipiga kelele. Nyumbani jioni, aliponiita mimi niliyekuwa na miaka 9, alipanga vizibo vyangu 12 vikitazama juu na vyake vikilala kifudifudi, halafu akaondoa vitatu vya kwake na kuvitia mfuko wa shati. Baada ya hapo alicheza kwa nguvu zake zote. Hakuwahi kuniachia mchezo, hata mara moja, na nilijua hivyo kwa jinsi alivyokunja uso nilipomtega. Nilipoanza kumfunga akiwa na kete tisa, alirudisha moja mezani, tukawa tunacheza yeye akiwa na kumi. Nilifika hadi kumi na moja. Kumi na mbili kwa kumi na mbili hatukuwahi kucheza.

Ninachotaka ukione ni ule mfuko wa shati. Baba alikuwa mtu wa mashindano kuliko wewe, tena mbele ya wanaume wenye ulimi mkali, lakini kabla ya kila mchezo aliamua anakaa meza ipi na nani, kisha akabadilisha masharti ili mchezo uwe mchezo kwa wote wawili. Wewe umebeba masharti ya banda, ambako kila mtu alilipa 5,000 akijua alichokifuata, ukayatandika sebuleni kwa mama yako ambako hakuna aliyeyakubali. Kosa lako liko hapo. Halipo kwenye moyo wako wa kutaka kushinda.

Mfano mkubwa wa jambo hili unao hapo mjini kwenu. Mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003, huanzia na kuishia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Siku hiyo hiyo, asubuhi hiyo hiyo, wapo wanaokimbia kilomita 42 wakigombea zawadi, wapo wa kilomita 21, na wapo wa kilomita tano wanaokwenda na watoto, wengine wakipiga picha njiani. Wa kilomita 42 hamkasirikii anayetembea kwenye zile tano, kwa sababu kila mmoja alijiandikisha mbio zake na amevaa namba yake kifuani. Mdogo wako alikuwa kwenye kilomita tano. Wewe ulimpita ukimfokea kwamba hapumui vizuri.

Sasa nije kwenye usingizi unaoupoteza, kwa maana hapa ndipo nimeona unaumia zaidi kuliko ulivyosema. Namna ya kuwapima wachezaji na kuwakutanisha, ambayo michezo mingi ya mtandaoni inaitumia kwa sura moja au nyingine, ina asili yake katika sataranji, yaani chesi. Arpad Elo, mwalimu wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kufanya kazi Marekani, alitengeneza hesabu ya kumpa kila mchezaji alama kulingana na matokeo yake, na shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, likaipokea mwaka 1970. Katika hesabu hiyo, watu wawili wenye alama sawa wanatarajiwa kugawana ushindi nusu kwa nusu, na anayemzidi mwenzake kwa alama 200 anatarajiwa kuchukua kama robo tatu. Ukimfunga mwenye alama ndogo kuliko zako unapata alama chache; akikufunga yeye, zinakutoka nyingi.

Tafakari maana yake kwako. Mfumo unaokutafutia mpinzani wa kimo chako ukifanya kazi yake sawasawa, utafungwa karibu nusu ya mechi zako ukiwa chini, na utafungwa karibu nusu ya mechi zako utakapokuwa juu. Kila unapopanda, unaletewa mtu mgumu zaidi mpaka mizani irudi katikati. Uwezo wako umekua sana kwa miaka miwili, hilo sina shaka nalo, lakini raha yako umeitundika kwenye kitu ambacho, kwa namna kilivyotengenezwa, hakiwezi kukupa zaidi ya siku moja njema kwa siku moja mbaya. Usingizi wa mtu hautundikwi mahali kama hapo. Chagua kitu kingine cha kupima, kilicho mikononi mwako: wiki hii nisifungwe kwa kona, wiki ijayo nijifunze kutoka na mpira nikipewa presha. Ukifungwa mbili kwa moja lakini kona zote umezicheza vizuri, umepiga hatua, hata kama divisheni inasema umeshuka. Na ukifungwa mechi mbili mfululizo, zima. Ya tatu unayoicheza kwa uchungu unacheza na hasira, na hasira hasara.

Kuna utafiti mmoja ambao huwa naukumbuka watu wanaponiuliza kuhusu zawadi na michezo. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo waliyoyapata kwa watoto wa chekechea nchini Marekani, watoto waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi kwa hiari yao. Baadhi yao waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe iwapo wangechora. Wengine walichora bila kuahidiwa kitu, wakashtukia wanapewa cheti kile kile. Wengine hawakuahidiwa wala kupewa. Siku kadhaa baadaye kalamu ziliwekwa mezani tena bila zawadi yoyote, na wale waliochora kwa kuahidiwa walizitumia kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa zawadi bila kuahidiwa hawakupungukiwa na hamu yao. Mimi nasoma hapo kwamba cheti chenyewe hakikuwa na sumu. Kilichopunguza hamu ni mtoto kuanza kuona kwamba anachora kwa ajili ya cheti. Zile shilingi 50,000 hazikukuharibu, mpwa wangu. Lakini jiulize kwa utulivu, ukiwa peke yako dukani mchana ambapo hakuna wateja, ni lini mara ya mwisho ulipiga kanzu, ukampitishia mpinzani mpira juu ya kichwa, kwa sababu tu ilikuwa nzuri.

Umenieleza kazi yako na mazoezi yako, na sijaona dalili kwamba kazi imekushinda. Bado nakuomba ujichunguze. Shirika la Afya Duniani limeweka tatizo la kucheza gemu kupita kiasi katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na linaelezwa kuwa ni mtu kushindwa kujizuia, kuiweka gemu mbele ya mambo mengine yote na kuendelea hata inapomletea madhara, hali ambayo kwa kawaida huonekana kwa muda wa miezi 12. Kukosa usingizi siku mbili kwa kushuka divisheni hakukufikishi huko, lakini ikiwa kazini utaanza kuchelewa au mshahara ukaanza kuishia kwenye viingilio na madau, usiniandikie mimi, nenda hospitali ukazungumze na mtaalamu wa afya ya akili.

Kuhusu yule rafiki, nenda kwao. Usimtumie ujumbe wa simu. Ulimwita mzigo mbele ya watu, na neno lililosemwa mbele ya watu linafutwa vizuri zaidi kwa miguu. Usimweleze kwamba alicheza vibaya kweli ila ulikosea namna ya kusema. Mwambie, "Nilikukosea, naomba unisamehe," unyamaze, umsikilize. Akitaka kuja kucheza atakuja. Asipotaka, msamaha ulikuwa haki yake hata hivyo.

Binamu aliyechomoa waya naye alikosa, na nisingekuwa mkweli kama ningemwacha. Wapo watu ambao wakisema "tunacheza kwa kufurahi tu" humaanisha wao wafurahi na wewe uone aibu kwa sababu ulifanya mazoezi. Kumkatia mtu umeme anapoongoza ni kumnyima haki yake, na kumcheka mtu anayejitahidi ni ubaya wa aina ile ile kama kumfokea anayetania. Una haki ya kumwambia hivyo, kwa sauti ya chini, mkiwa wawili.

Desemba basi. Tenga siku zako za mashindano kabla ya safari, mbili kwa wiki, na wenyeji wa nyumbani wazijue ili wasikusumbue na wewe usiwasumbue siku nyingine. Mkishapanda Kibosho, mashindano yabaki mjini. Runinga ikiwashwa na binamu wamejaa, wewe ndiye uwe wa kwanza kuuliza: leo tunacheza ya kutoana au ya kufurahi? Jibu lolote litakalotoka, lifuate hilo hadi mwisho wa kikao. Kama ni ya kutoana, na mwenyewe mtu ameitaka, mfunge bila kumwonea aibu, ila mdomo uufunge pia. Makosa ya mtu anaelezwa akiuliza.

Kwa mdogo wako usisubiri Kibosho. Siku atakayoshuka kwenye basi mpokee mzigo wake, mwache ale, mwache amsalimie mama. Usimwekee gemu mbele kama mtu anayelipa deni. Atakapokaa mwenyewe pale kwenye runinga, hata kama ni siku ya nne, kaa pembeni yake na umwambie kwamba Juni ulikosea, kwamba ulimpa mtihani alipokuja kucheza. Sentensi mbili zinatosha, watoto wa umri ule hawapendi hotuba.

Halafu mwache achague timu. Bila shaka atachukua ile ya njano na kijani. Gemu yenyewe huzipanga timu kwa nyota, kutoka nusu hadi tano, kwa hiyo wewe shuka ukatafute timu ya nyota moja na nusu ambayo hujawahi kusikia jina la hata mchezaji mmoja, kisha cheza kwa nguvu zako zote. Usimwachie bao, atajua. Na akitoka na kipa wake hadi katikati ya uwanja, usiharakishe kupiga lango lililo wazi. Mtolee kipa wako.

Shangazi